Sonona Baada ya Kiharusi Inatibika

Takriban mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi hupata sonona. Mgonjwa hujitenga, hukosa usingizi na kukataa mazoezi ya viungo, hivyo mkono au mguu uliopooza huchelewa kupata nguvu. Hali hiyo si uvivu wala kurogwa, ni ugonjwa.

Miongoni mwa tiba zake ni kuchochea ubongo kwa sumaku, njia iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Kifaa chenye waya uliozungushwa huwekwa kichwani na kutoa mapigo ya sumaku yanayoamsha seli za sehemu ya mbele ya ubongo, bila upasuaji wala dawa ya usingizi. Tiba huchukua wiki nne hadi sita. Baadhi huumwa kichwa; mara chache hutokea degedege, hatari inayopaswa kupimwa kwa makini kwa aliyepata kiharusi.

Hata hivyo, mkazi wa Litapunga, mkoani Katavi, hana sababu ya kusubiri mashine hiyo. Dalili zikidumu wiki mbili, ndugu wampeleke mgonjwa katika zahanati au kituo cha afya ili apate ushauri nasaha, dawa na, inapobidi, rufaa. Akitaja kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo.