KENGELE YA FRERETOWN
Imani Iliyowapa Ukoo Watu Wasio na Ukoo

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali huingia upande wa Kisauni, na baada ya mwendo mfupi hufika mahali paitwapo Kengeleni. Hapo pana mnara wa kengele ya zamani. Watu wengi hupita hapo kila siku waendapo kazini na sokoni, wala hawajui kengele ile iliwekwa kwa sababu gani. Habari zake zafaa kujulikana, kwa kuwa zaonyesha jinsi imani ya Kikristo ilivyowapa watu walionyang'anywa kila kitu msingi wa kuanza maisha upya.

Mtu bila jamaa

Hapo zamani mtu alijulikana kwa ukoo wake. Akiugua, jamaa walimwuguza. Akitaka kuoa, jamaa walimsaidia kutoa mahari. Akidhulumiwa, wazee walimtetea. Mtumwa alinyimwa hayo yote. Alitekwa kwao, pengine akiwa mtoto mdogo, akatembezwa mpaka pwani na kupakiwa jahazini.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Biashara haikwisha siku ile. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi, na watu waliofunguliwa wakawa hawana pa kwenda. Njia ya kurudi makwao ilikuwa ndefu, nayo ilijaa wale wale waliowateka. Wengine hawakukumbuka hata jina la kijiji walichozaliwa. Basi uhuru walikuwa nao, lakini jamaa hawakuwa nao.

Mji wa watu waliokombolewa

Mwaka 1874 Kasisi W. S. Price wa Chama cha C.M.S. alifika Mombasa. Mwaka uliofuata mji ulianzishwa ng'ambo ya kisiwa, ukaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kushughulikia jambo la utumwa. Mwezi wa Septemba 1875 watu zaidi ya 200 waliokombolewa baharini waliletwa hapo pamoja.

Waliowasaidia kuwapokea walikuwa Waafrika wenzao. Miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, watoto waliookolewa katika utumwa walipelekwa Nasik, katika nchi ya India, wakafundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Miongoni mwao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliofika Mombasa mwaka 1864. Hao waliwafahamu wageni wale, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wamepita njia ile ile ya uchungu.

Watu wa makabila mengi walikaa pamoja. Walilima, walijifunza useremala na uhunzi, na watoto wakaenda shule. Kengele iliwaita kazini na kanisani, tena iliwaonya wakati wa hatari. Kwa ubatizo walihesabiwa kuwa ndugu, na kanisa likashika kazi ya ukoo: kuozesha, kulea yatima, kuuguza wagonjwa na kuzika wafu.

Imani yajaribiwa

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika kwa Sundu, mahali pajulikanapo sasa kwa jina la Mumias, Askofu alitangulia na watu wapatao 50, naye Jones akabaki na waliosalia. Mwezi wa Oktoba Askofu aliuawa katika nchi ya Busoga pamoja na wengi wa watu wake. Jones alingoja mpaka tumaini likakatika, kisha akauongoza msafara kurudi pwani. Mwezi wa Februari 1886 aliingia Rabai, na mbele ya msafara ilitangulia bendera iliyoandikwa neno Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka.

Jaribu la pili lilikuwa Rabai penyewe. Watumwa waliotoroka kwa mabwana wao walikimbilia huko, na Jones hakuwafukuza, ingawa kuwapokea kulikatazwa. Mwaka 1888 mabwana walizidi kuwadai, na hatari ya vita ikawa karibu. Ndipo Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alipokata shauri kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Laiti mlango ungalifungwa tangu mwanzo, siku ile wasingalikuwapo wa kupewa hati.

Makosa ya wajenzi

Si kweli kwamba mambo yote ya Freretown yalikuwa mema. Mwaka 1881 palikuwa na malalamiko juu ya watu kupigwa viboko, na mambo hayo yakachunguzwa. Tena Waafrika waliokuwa na elimu na uzoefu waliwekwa mara nyingi chini ya wageni waliofika juzi. Lakini wenye kuonewa walilalamika kwa maneno ya imani ile ile waliyofundishwa, kwamba watu wote ni watoto wa Baba mmoja. Msingi ulio wa kweli huwahukumu hata wajenzi wake.

Yaliyodumu

Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu wa Freretown walitawanyika kidogo kidogo, wakawa walimu, makarani na makasisi mahali pengi. Chuo cha dini kilichoanza hapo kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Mbotela, mwana wa mji ule, aliandika habari za wazee wake katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934.

Manowari iliweza kumfungua mtu minyororo, na hati iliweza kumpa uhuru mbele ya sheria. Lakini ndugu wa kumwita kwa jina na kumlilia afapo, hayo hayakutoka melini wala katika karatasi. Yalitoka kwa watu walioamini kwamba Mungu hamtupi mtu, wakaogopa kumtupa mwenzao. Nyumba zao nyingi hazipo tena, lakini jina la Kengeleni lingali midomoni mwa watu.