Koti la Bei Kubwa: Lastahili Fedha Yetu?

Vijana wetu wa Uvira wapenda sana mavazi ya safari: makoti ya mvua ya kigeni, mabuti mazito, suruali zenye mifuko mingi. Mengine hutoka katika marobota ya mitumba, mengine huja mapya, na bei yake yaweza kumeza karo ya mtoto. Je, vitu hivyo vyastahili bei yake? Twajibu: vingine vyastahili, vingine havistahili, na aina moja haifai hata ikitolewa bure.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mji wetu umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 na zaidi juu ya bahari, mahali pa joto. Nyuma yake milima ya Mitumba hupanda kupita mita 3,000, na huko usiku ni wa baridi kali. Apandaye nyanda za juu hutoka jasho mchana na kutetemeka usiku. Hapana vazi moja lifaalo pote.

Tuchukue koti la mvua. Mwaka 1969 Robert Gore, Mmarekani, aligundua ya kuwa plastiki fulani, ikivutwa kwa ghafula, hupata matundu madogo mno: tone la maji halipenyi, bali mvuke wa jasho hupita. Ndicho kitambaa kiitwacho Gore-Tex, kilicho ghali hata leo. Lakini mvuke hutoka vema pale tu ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Huko mlimani koti hilo lafanya kazi yake. Huku ziwani, hewa ya nje ikiwa yenyewe ya joto na unyevu, jasho hubaki ndani, na mwenye koti ghali hulowa karibu sawa na mwenye koti la plastiki. Tena koti kuukuu la mitumba mara nyingi limekwisha kupoteza ile dawa ya juu ifukuzayo maji. Jina lingali kifuani, kazi imekwisha.

Mabuti ni jambo jingine. Mkulima wa bonde la Ruzizi na mwalimu aendaye shule kwa miguu hula kwa miguu yao. Tuseme buti la dola 10 ladumu miezi minne, na la dola 40 ladumu miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu mwenye kununua rahisi atanunua mara tisa, yaani dola 90. Rahisi imekuwa ghali. Asiye na dola 40 kwa mara moja aweza kuzipata katika likelemba, zamu yake ifikapo.

Sasa ile aina moja: nguo za madoadoa zifananazo na za askari. Nchini Kongo raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi. Uganda nako sheria ya jeshi ya mwaka 2005 yakataza vilevile. Wala si sheria tu. Upande wetu huu umeona watu wa bunduki kwa miaka mingi, nao walio mbali huona rangi ya nguo kabla ya kuuona uso. Wa kundi hili watamdhani kijana ni wa kundi lile, naye hatapewa nafasi ya kujieleza. Mwuzaji asema nguo ni imara. Ni imara kweli, lakini haizuii risasi, huiita. Wazazi, msikubali iingie nyumbani.

Na wavuvi? Wao hutoka usiku na taa kutafuta ndagala, na upepo wa ziwa haupigi hodi. Kwao kitu cha kwanza ni jaketi la kuokolea maisha majini, kabla ya koti lolote. Mnunuzi alijaribu karibu na ukingo, pamoja na mwenzake, penye maji ya kifuani. Likikiinua kichwa chake juu ya maji, lastahili bei yake. Lisipokiinua, hata bure ni ghali.

Basi, kabla ya kutoa fedha, kila mmoja ajiulize maswali matatu: Nitalivaa wapi? Litadumu miezi mingapi? Anionaye kwa mbali atanidhani nani? Asiyepata jibu jema kwa yote matatu airudishe fedha mfukoni. Karo ya mtoto yaingoja.