Leseni huria: kazi ni bure, fedha zitoke wapi?

Mpiga picha anayeweka picha yake mtandaoni kwa leseni ya CC BY amemruhusu mtu yeyote kuinakili, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi amtaje aliyeipiga. Wengi hulikumbuka sharti la kutajwa, ruhusa ya kuuza wakaisahau. Mwaka 2014 Flickr, wakati huo mali ya Yahoo, ilianza kuuza picha za kutundika ukutani, zikiwemo za leseni hiyo, na wapigaji wa hizo za CC BY hawakupewa hata senti. Sheria haikuvunjwa. Ni malalamiko yaliyoilazimu kampuni kuziondoa picha hizo sokoni Desemba mwaka huohuo.

CC BY ni mojawapo ya leseni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001. Ziko sita, na hakuna inayofuta hakimiliki: mwenye kazi hutangaza mapema anachoruhusu. Alama ya NC huzuia biashara, ND huzuia kusambaza kazi iliyobadilishwa, na SA humtaka aliyeibadilisha kutoa toleo lake kwa masharti yaleyale.

Faida kubwa ni kusambaa. Machi 2008 bendi ya Nine Inch Nails ilitoa albamu ya Ghosts I–IV yenye vipande 36 kwa leseni isiyoruhusu biashara. Vipande tisa vilipakuliwa bure, albamu nzima ikauzwa dola 5. Toleo la kifahari la dola 300, nakala 2,500 tu, liliisha lote: dola 750,000 kwa bidhaa moja. Lakini bendi hiyo ilishakuwa na jina na mashabiki. Chipukizi asiyejulikana hana wa kumuuzia toleo la dola 300.

Kwenye vitabu vya watoto hesabu ni nyingine. African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi kwa leseni huria katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwalimu hutafsiri na kuchapa bila kuomba kibali. Hapo gharama hubebwa na wafadhili, si na mauzo ya nakala.

Hasara ni mbili. Kwanza, leseni haifutiki: ukijuta leo, aliyekwisha kuichukua kazi kwa masharti yale ana haki ya kuendelea kuitumia. Pili, anayekiuka masharti hana wa kumfuata ila mwenye kazi, na wakili hafanyi kazi bure. Mwanamuziki aliyekabidhi haki zake kwa chama cha kukusanya mirabaha asome kwanza mkataba wake. Huenda hana tena mamlaka ya kuziachia.

Leseni huria humfikisha msanii kwa watu. Kumlipa si kazi yake. Mwenye maonyesho, oda za wateja au ufadhili itamfaa. Anayeishi kwa kuuza nakala atoe sehemu tu ya kazi zake, tena kwa NC.