Maji Bondeni, Shamba Mlimani

Mwambie mkulima wa Butembo, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwamba anaishi kwenye eneo la ukame, atakucheka. Mji wake uko karibu kabisa na ikweta, juu ya vilima vyenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na mvua humtembelea sehemu kubwa ya mwaka. Lakini nenda naye shambani Januari au Julai. Kabeji na vitunguu vinasinyaa kwenye mteremko, na mita 40 chini yake kijito kinapita kama kawaida. Maji yapo, hayana wa kuyapandisha.

Wa kuyapandisha, mara nyingi, ni mama mwenye bidoni mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Bustani ya mita za mraba 1,000 inaweza kuhitaji lita 4,000 au 5,000 kwa siku wakati wa kiangazi. Kwa bidoni la lita 20, hizo ni safari 200 na zaidi. Haifanyiki. Ndiyo maana kiangazi kikija watu hubanana mabondeni, kwenye vipande vyembamba vya ardhi yenye unyevu, na bei ya mboga sokoni hupanda.

Pampu ya petroli ingefaa, ila mafuta ya huku hutoka mbali, yakipitia mpaka wa Kasindi. Jua halilipi ushuru.

Tena jua si geni kwa umeme wa mkoa huu: mwaka 2017 kampuni ya Nuru iliwasha mjini Beni gridi ndogo ya sola ya kilowati 55. Pampu ya bustani inahitaji chembe tu ya nguvu hiyo. Kupandisha lita 5,000 hadi mita 40 ni kazi ya takriban nusu kilowati-saa. Hata pampu na bomba zikipoteza zaidi ya nusu ya nishati, paneli za wati 400 hivi zinatosha siku yenye jua zuri. Betri haihitajiki: maji husukumwa mchana hadi kwenye tangi lililo juu ya shamba, kisha hushuka yenyewe jioni. Siku ya mawingu pampu huzubaa, lakini siku hiyo hata mboga hazina kiu sana.

Baridi ya Butembo nayo inasaidia, kwa sababu paneli hupungukiwa nguvu zinapopata joto kali.

Mtego uko kwingine. Pampu zinazovuta maji kutoka chini hutegemea mgandamizo wa hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Pampu inayovuta mita 7 pale Mombasa itahangaika kufika mita 6 Butembo, hata ikiwa mpya. Dawa ni kuiweka chini kabisa, karibu na maji au ndani yake, ili kazi yake iwe kusukuma. Na mwenye chemchemi juu ya shamba lake asinunue pampu yoyote; anunue bomba.

Ukiteremka kutoka Beni kuelekea bonde la Semliki, mambo hubadilika. Bonde hilo limebanwa kati ya Ruwenzori na milima ya Mitumba. Kuna joto, na mvua ni chache kuliko vilimani. Hapo umwagiliaji una maana iliyo karibu zaidi na ile ya nchi kame. Lakini tangu 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewafanya wakulima wengi wa Beni kuyakimbia mashamba yao, na paneli iliyofungwa kwenye nguzo porini haina mlinzi. Kwa huko, kifaa cha maana ni kile ambacho mtu anaweza kukibeba kurudi nacho nyumbani jioni.

Inabaki bei. Kenya, kampuni ya SunCulture huwauzia wakulima wadogo pampu za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Butembo, mji wa wafanyabiashara, una likelemba, yaani michango ya zamu, na majirani wa kijito kimoja wanaweza kuchangia pampu moja kwa njia hiyo: leo imwagilie bustani hii, kesho ile, mradi wakubaliane mapema nani atalipa ikiharibika.