Khanga na Umri Wake

Khanga mpya zinaposhushwa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, mimi sianzi na rangi. Nasoma jina. Rangi itamsimamisha mama mlangoni, na mji, yaani mchoro wa katikati, ukichorwa vizuri ataushikashika, lakini kinachomfungulisha pochi ni yale maneno ya chini. Nimeshaona khanga nzuri ya kupendeza ikilala rafuni mwaka mzima kwa sababu jina lake lilikuwa limepoa.

Binti yangu anasomea masoko. Jioni moja alinisomea daftari lake huku mimi nahesabu korija za khanga: bidhaa huzaliwa, hukua, hukomaa, kisha hushuka. Akaniambia kuna mtaalamu wa Marekani, Theodore Levitt, aliyeyaandika hayo mwaka 1965 katika jarida la Harvard.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo angekaa dukani kwangu msimu mmoja angeyaona yote manne."

"Mama, yeye anazungumzia viwanda."

"Kwani khanga inaota shambani?"

Khanga yenyewe iliwahi kuwa bidhaa mpya, na hawakuibuni wenye maduka. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na pwani yote walikuwa wakinunua leso zilizoletwa na wafanyabiashara wa Kireno, zikiuzwa kwa jora kabla ya kukatwa mojamoja. Wao wakaona leso moja haitoshi kitu. Wakakata tatu na tatu, wakaziunganisha, wakapata nguo ya kujifunga. Wenye maduka walipoona wateja wanahangaika na sindano, ndipo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Kila ninaposikia kampuni inalipa pesa nyingi kutafuta wazo jipya, nawakumbuka wale akina bibi: mteja anayekirekebisha kitu chako nyumbani kwake ameshakuchorea bidhaa inayofuata, kazi yako ni kumwangalia tu.

Halafu akaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka la mwaka 1887, ambaye alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado iko kwenye khanga. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuanza kuweka maneno, mwanzoni mwa karne ya 20. Yalikuja kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Kwangu mimi huo ndio ujanja mkubwa kuliko wote katika biashara hii. Nguo ya pamba inadumu, na mama mwenye doti nne nzima, yaani jozi nne, hana haja ya doti ya tano. Ila ukiandika maneno, ile ya tano inasema jambo ambalo zile nne haziwezi kulisema. Khanga ya zamani haijachanika wala haijapauka, na bado anataka mpya.

Kulipata jina sasa, hapo ndipo penye kazi. Liwe fupi, maana linakaa mstari mmoja juu ya pindo na linasomwa mwenye kuvaa akiwa ameshakupa mgongo. Liwe na nyuso mbili, mtu aweze kumpelekea mama mkwe kwa heshima na jirani kwa kijembe. Kiwandani hawakuchapii vipande vichache vya kujaribia. Unaagiza mzigo, mji mmoja kwa rangi kadhaa, na ukikosea jina umekosea pote. Ndiyo maana kabla ya kuagiza mimi huwatajia jina akina mama wanaokuja kununua vitu vingine. Wakicheka, naandika. Wakiuliza maana yake, nalifuta.

Mzigo ukifika, tangazo langu ni doti moja ya bure. Nampa kiongozi wa kikundi cha shughuli, yule anayechagua sare. Akiivaa kwenye harusi moja Temeke, wiki inayofuata napigiwa simu na watu nisiowajua wakitaka "ile ya mama fulani". Hapo khanga inatembea, na hapo sipunguzi hata shilingi. Wengi hukosea wakati huu: wakiona watu wamejaa, wanashusha bei ili wauze haraka zaidi. Wanaojaa hawakuifuata bei.

Wanaoiga nao hawachelewi. Mji uleule na jina lilelile vinarudi kwenye kitambaa cha poliesta kwa bei ya chini. Mimi hung'oa uzi mmoja wa pembeni mbele ya mteja nikauwasha kiberiti. Wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta unajikunja, unayeyuka, unabaki kidonge kigumu cheusi. Mteja mmoja akishaona hivyo atawasimulia wenzake zaidi ya ninavyoweza kutangaza mimi.

Kinachoiua khanga, hata hivyo, si mwigaji. Ni kupendwa kwake. Ikishafika kila nyumba, jina linaisha makali. Utamtupiaje mke mwenzio neno ambalo naye amelifunga kiunoni? Dalili naijua: wateja wanaanza kuuliza "mpya zipi?" wakiwa wameishika ileile mkononi. Siku hiyo naacha kuagiza. Zilizobaki nazipeleka mikoani, kusini hasa msimu wa korosho watu wakiwa na fedha, au kwa mafundi wanaoshona magauni na mifuko ya watalii, ambao jina haliwahusu. Mji ukiwa bado unapendwa, unachapwa upya na jina jingine, ikawa khanga mpya kabisa. Mzigo uliolala unakula kodi ya pango, na huruma haiufufui.

Zipo zinazozaliwa na tarehe ya kufa. Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008 ilitoka khanga yenye sura yake na pongezi. Khanga ya namna hiyo ni ya kuuza siku hizohizo, ukingoja bei ipande umebaki nayo. Za uchaguzi siziwekei hata rafu, kwa sababu zinagawiwa bure, na mtu aliyepewa ya bure haji dukani mwezi huo.

Na kuna khanga iitwayo kisutu. Chekundu, cheusi, cheupe, mji wake ni uleule tangu enzi za bibi zetu. Kisutu hakimsemi mtu, kina kazi harusini, na kazi hiyo haijapata mrithi. Kwa hiyo sikitundiki mlangoni, sikitangazi, sikishushi bei. Binti yangu aliniuliza nakiweka hatua ipi kati ya zile nne. Nikamwambia nakiweka rafu ya juu kulia, na ikifika Mfungo Mosi, harusi zinapoanza tena baada ya Ramadhani, naagiza kingine kabla hakijaisha.