Chati ya elimu ya wanawake ya 2050 inaanzia 1974

Maswali ya wasomaji kuhusu makadirio ya elimu ya wanawake yamekuwa mengi, na karibu yote yanarudi palepale: kwa nini mstari wa Tanzania kwenye chati unabaki chini ya ule wa Kenya kwa miongo kadhaa ijayo, ilhali sekondari zimejengwa karibu kila kata? Wengine wameshapewa majibu mitandaoni: eti wasichana wa Tanzania hawapendi shule, eti wataalamu wa Ulaya wanaipendelea Kenya. Huo ni upuuzi, na unarudiwa kila chati mpya inapotoka.

Makadirio yanayotumiwa sana huandaliwa na taasisi ya IIASA na Kituo cha Wittgenstein, nchini Austria. Watafiti hawa hawachukui wastani wa mwaka huu wakauendeleza kwa rula. Huwagawa wanawake wa nchi kwa umri, miaka mitano mitano, kisha kila rika hugawanywa kwa elimu: wasiosoma kabisa, walioishia shule ya msingi, waliofika sekondari, waliopita hapo. Kila kundi husogezwa mbele miaka mitano, likapunguzwa kwa vifo na kurekebishwa kwa uhamaji, kisha likasogezwa tena. Hesabu hii inategemea sana jambo moja: mtu akishapita miaka 30 hivi, kiwango chake cha elimu hubadilika kwa nadra. Aliye na miaka 20 hadi 24 mwaka 2025 atakuwa na miaka 45 hadi 49 mwaka 2050, mara nyingi na cheti kilekile. Wanawake wote watakaokuwa na miaka 25 na zaidi mwaka huo wameshazaliwa.

Sasa irudishe hesabu hiyo nyuma. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na Tanzania ikajaza madarasa. Nafasi za sekondari, hata hivyo, zilibaki chache mno. Msichana aliyezaliwa 1970 aliweza kumaliza darasa la saba akaishia hapo, hata kama alifaulu. Nchini Kenya wazazi walichangishana kujenga sekondari za harambee, na wasichana wengi zaidi wa rika lake wakaingia kidato cha kwanza. Mama huyo wa Tanzania sasa ana miaka 50 na ushee. Ataendelea kuhesabiwa kwenye wastani wa taifa maisha yake yote, hata kama mjukuu wake anasoma chuo kikuu.

Kenya ilifuta ada ya msingi 2003 na ya masomo katika sekondari za kutwa 2008. Tanzania ilianza kuongeza sekondari za kata kwa kasi 2004, ikafuta ada hadi kidato cha nne 2016. Pengo kati ya mabinti wa leo wa nchi hizi mbili lina historia tofauti na pengo kati ya mama zao, ndiyo maana wastani wa wanawake wote hauwezi kuwasemea mabinti. Kuna jingine: hata viwango vya uandikishaji vikibaki kama vilivyo leo, mstari utapanda kwa miaka mingi, kwa sababu rika lenye elimu ndogo linaondoka na lenye elimu kubwa linachukua nafasi yake. Kiongozi anayejisifia kupanda huko anajisifia kalenda.

Haya yanahusu afya moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 ulikadiria kuwa katika vifo milioni 8.2 vya watoto chini ya miaka mitano vilivyopungua duniani kati ya 1970 na 2009, milioni 4.2 vilitokana na kuongezeka kwa elimu ya wanawake. Kwa mfano, mtoto akishikwa na degedege usiku, wapo wanaoshikilia kuwa sindano itamuua. Mama anayeujua ugonjwa na mwenye nauli yake mkononi hasubiri kikao cha ukoo. Anampeleka mtoto zahanati. Lakini elimu haifanyi kazi peke yake: tafiti za kitaifa za 2022 zilikuta vifo 41 kwa kila watoto 1,000 Kenya na 43 Tanzania, karibu sawa, ingawa mstari wa elimu wa Kenya uko juu. Kwenye uzazi pengo lilikuwa kubwa zaidi: wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 3.4 Kenya na 4.8 Tanzania. Chanjo, vyandarua na zahanati navyo vinaokoa.

Na kwenye uzazi ndipo wanapoingia wauza dawa za kusafisha kizazi, wanaowaambia wasichana wa vyuo kwamba kusoma sana hukausha kizazi. Hakuna kitabu kinachokausha kizazi. Waliosoma huzaa wachache kwa sababu huchelewa kuanza, hupanga uzazi, na huona watoto wao wakikua. Anayekuuzia hofu hiyo kwa chupa ni tapeli.

Ukiona chati ya namna hii, uliza ni wanawake wa umri gani na ni dhana gani ya uandikishaji imetumika. Linganisha wenye miaka 20 hadi 39 kabla ya kulinganisha mataifa mazima. Mtoto wa degedege apelekwe kituo cha afya usiku uleule. Binti aliyejifungua arudishwe shule: Tanzania iliondoa zuio la kurudi shule Novemba 2021, na Kenya ina mwongozo wa kuwarudisha tangu 1994.