Bakteria mwenye jina la Bugando: walijuaje kuwa ni mpya?

Kuna bakteria anaitwa Enterobacter bugandensis. Hilo "bugandensis" ni Bugando, ile hospitali ya rufaa ya Mwanza. Alipatikana humo kwenye damu ya watoto wachanga, na mwanzoni maabara ilimpa jina la bakteria mwingine kabisa.

Iko hivi. Mtoto akishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, anatolewa damu kidogo, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuachwa kwenye joto kama la mwili. Wakiota, wataalamu wanaangalia wanachachusha sukari gani, na kama wanashikana wakiwekewa kingamwili maalumu.

Kwa vipimo hivyo, bakteria 17 wa Bugando walionekana ni Salmonella Paratyphi, ndugu wa yule wa taifodi. Walikuwa sugu kwa dawa nyingi pia. Walibeba jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii ya seftriaksoni, ile sindano ambayo wengi wetu tumeshachomwa.

Stephen Mshana na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, wakasoma DNA. Kumbe ni Enterobacter, na hakulingana na yeyote aliyejulikana. Wote 17 walikuwa wa ukoo mmoja, na huyo huyo alikutwa kwenye ndoo ya maziwa wodini. Hayo yalichapishwa 2011.

Kupewa jina ni kazi nyingine. DNA yote ikifanana na ya ndugu wa karibu chini ya asilimia 95 hivi, hapo ni aina mpya. Halafu bakteria hai lazima wahifadhiwe kwenye benki za vimelea za nchi mbili tofauti, ili yeyote aweze kulinganisha. Jina likatoka rasmi 2016.

Faida yake ilionekana haraka. Mwaka 2018 watafiti wa NASA waliripoti aina hiyo hiyo kwenye kituo cha anga za juu, tena chooni. Si kwamba walipanda kutoka Mwanza! Ni kwamba sasa aina hiyo ina jina, mtu anaweza kuitambua.

Wewe wa Kariakoo inakuhusu nini? Muhimbili, hapo Upanga tu, walifuatilia kulazwa kwa watoto mara 1,828 mwaka 2001 hadi 2002. Waliokuwa na malaria, asilimia 20.2 walifariki. Waliokuwa na bakteria wa kundi hili la gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5.

Na wengi wetu homa ikianza tunapitia duka la dawa kwanza. Antibayotiki ikitangulia, bakteria anaweza asiote kabisa kwenye chupa, daktari akabaki anakisia. Kichanga mwenye homa, au mwili wa baridi, au anayekataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama ameshapewa dawa yoyote, sema. Na uliza kama damu ya kuotesha inaweza kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza.